Hisa Isiyolia Siku Unayolia Wewe

Mhadhara uliotolewa mbele ya wakazi wa Kianyaga, Kaunti ya Kirinyaga



Barua ya mwaliko ilinitaka nije niseme hisa za kampuni gani ni nzuri kununua. Nitalijibu swali hilo, ila kwanza nataka tukumbushane jambo. Naona watu wamekaa kama wanafunzi wa siku ya kwanza, ilhali wengi wenu ni wanahisa wa miaka mingi. Anayepeleka majani ya chai viwanda vya Thumaita, Mununga au Kimunye, na aliyewahi kukatwa pesa za hisa kwenye malipo yake, ni mmoja wa wenye kiwanda. Viwanda hivyo kwa upande wake ndivyo vinavyomiliki KTDA, wakala unaovisimamia, tangu serikali ilipojitoa mwaka 2000. Bonasi mnayoingojea kila Oktoba inategemea bei ambayo chai yenu imepata, gharama za kiwanda, madeni ya kiwanda, na uamuzi wa wakurugenzi mliowapigia kura. Mnajua kununa ikiwa ndogo. Mnajua kuuliza kiwanda jirani kimelipa ngapi kwa kilo. Hiyo ndiyo kazi ya mwanahisa, na hamkuisomea popote.

Kwa hiyo swali la hisa nzuri mimi naligeuza: nzuri kwa nani? Karani wa Nairobi anayelipwa mshahara wa shilingi kila mwisho wa mwezi ana jibu lake. Mwenye mashina ya chai Kianyaga ana jibu jingine, hata kama wote wawili wana shilingi elfu hamsini sawasawa. Washauri wengi wa mambo ya fedha huruka hatua hii. Wanaanza na kampuni. Mimi naanza na boma.

Tuchukue boma la kubuni, pale ambapo ukanda wa chai unakutana na ukanda wa kahawa. Kuna ekari moja na nusu ya chai. Upande wa chini kuna kahawa inayopelekwa kwenye kiwanda cha ushirika wa Baragwi. Mpakani pana miti minane ya makadamia, na nyuma ya nyumba ovakado mbili tatu ambazo madalali huja kuziangalia kabla hazijakomaa. Akiba iko sacco. Ukimwuliza mwenye boma kama anategemea kitu kimoja, atacheka. Atakuhesabia kwa vidole: chai, kahawa, makadamia, ovakado, sacco. Vitu vitano.

Mimi nikiangalia boma hilo naona vitu viwili tu, mvua na dola. Chai inauzwa kwa dola kwenye mnada wa Mombasa. Kahawa inauzwa kwa dola kwenye mnada wa Nairobi. Makadamia na ovakado zinaliwa ng'ambo, na mnunuzi wa mwisho halipi shilingi. Mnakumbuka mwaka 2022 na 2023 bei ya makadamia iliporomoka mpaka watu wakaacha kokwa chini ya miti, na wengine wakang'oa miti. Bei haikushushwa na ugonjwa wala ukame wa hapa kwetu. Wanunuzi wa mbali walipunguza tu. Hata sacco nayo, ukiitazama vizuri, imesimama juu ya mashina hayo hayo. Bingwa ilianza kama sacco ya wakulima wa chai wa Kirinyaga, na sacco yoyote ya namna hiyo, bonasi ikiwa mbaya, wanachama ndio hao hao wanaoshindwa kulipa mikopo. Silaumu sacco. Nasema tu kwamba haiko nje ya shamba kama mwenye boma anavyodhani.

Sasa niwaonyeshe dola inavyofanya kazi, kwa mfano ambao wote mliuona bila kujua mnautazama.

Januari 2024 dola moja ilikuwa inakaribia shilingi 160. Kufikia katikati ya mwaka huo ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Magazeti yalishangilia kwamba shilingi imepata nguvu. Lakini kwa mwenye chai, kilo iliyouzwa dola mbili ilikuwa ikileta shilingi 320, na sasa inaleta 260 kabla mtu yeyote hajakatwa chochote. Mbolea haikupungua bei kwa kiasi hicho, wala mchuma majani hakukubali kulipwa kidogo kwa sababu shilingi ina nguvu. Oktoba 2025 bonasi ilipotoka, viwanda vingi nchini vililipa chini ya mwaka uliotangulia, wakulima wakaandamana sehemu kadhaa, na KTDA ilipoeleza sababu, moja ilikuwa hiyo ya kubadilisha dola. Watu hawakuamini. Walidhani ni kisingizio. Huenda kulikuwa na mengine pia, siwezi kuapa, lakini hesabu ya dola ni ya kweli, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya.

Mwaka huo huo wa dola kushuka, kampuni ya Kenya Power, ile inayotukatia stima usiku, ilitangaza faida ya shilingi bilioni 30 kwa mwaka ulioishia Juni 2024. Mwaka uliotangulia ilikuwa imepata hasara ya zaidi ya bilioni 3. Je, waliuza umeme mara kumi zaidi? Hapana. Kenya Power ina madeni makubwa ya fedha za kigeni. Dola ilipopanda, deni lilivimba kwenye vitabu likala faida yote. Dola iliposhuka, deni likanywea na vitabu vikacheka. Mwishoni mwa 2023 hisa yake ilikuwa ikiuzwa chini ya shilingi 2. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa inakaribia 5, na wanahisa wakapata gawio la senti 70 kwa kila hisa baada ya miaka kadhaa ya kutoka mikono mitupu.

Wekeni mambo hayo mawili pamoja. Shilingi ile ile iliyopunguza bonasi ya chai ndiyo iliyonenepesha hisa za Kenya Power. Mkulima wa Kianyaga aliyekuwa na kidogo cha hizo hisa angelia kwa jicho moja.

Sikuja kuwauzia Kenya Power. Bei ya umeme haipangwi na kampuni, inapangwa na mdhibiti huku wanasiasa wakipiga kelele dirishani, na faida iliyoletwa na dola kushuka hairudi mwaka unaofuata kwa sababu dola haiwezi kushuka vile kila mwaka. Nimeileta kama mfano wa namna ya kuwaza. Ukitaka hisa, tafuta isiyolia siku unayolia wewe.

Ukiishika kanuni hiyo, maamuzi fulani yanajifanya yenyewe. Kwenye Soko la Hisa la Nairobi kuna kampuni za kilimo ambazo mkulima wa huku huzipenda kwa sababu anaielewa kazi inayofanywa humo. Kuna Sasini, yenye chai, kahawa na makadamia. Kuna Kakuzi pale Makuyu, jirani zetu wa Murang'a, wenye ovakado na makadamia. Kuna Williamson Tea na Kapchorua, na kuna Limuru Tea, ambayo hisa zake ni chache hivi kwamba zinaweza kukaa siku nyingi bila mtu kununua wala kuuza. Mkazi wa Kisumu mwenye duka la vifaa vya ujenzi anaweza kununua hisa za Kakuzi kwa akili timamu kabisa. Lakini wewe mwenye makadamia mpakani na ovakado nyuma ya nyumba? Mwaka ambao Kakuzi inapata shida, wewe uko kwenye shida ile ile, na hisa unayotaka kuuza ili ulipe karo imeshuka bei siku hiyo hiyo. Watu husema nunua unachokielewa. Ushauri huo haujakosea, ila kwetu unamrudisha mtu kwenye shamba alilotoka.

Kuna jambo la kalenda pia, dogo kwa sura lakini la maana kwa mwenye watoto shuleni. Malipo ya kila mwezi ya majani ni ya kununua sukari. Pesa kubwa ni Oktoba. Kahawa ina msimu wake. Karo inadaiwa Januari, kisha mwanzo wa muhula wa pili na wa tatu. Mabenki makubwa kwa kawaida hulipa gawio baada ya mkutano mkuu wa mwaka, kati ya Mei na Juni. Safaricom hulipa sehemu ya kwanza mwezi Machi na ya mwisho kufikia Agosti. Mwenye hisa mia chache hatalipa karo yote kwa hizo, tusidanganyane. Lakini mtu anayejenga kidogo kidogo kwa miaka kumi afadhali ajenge kwenye miezi ambayo shamba lake limenyamaza.

Na mtu asilifanye gawio kuwa mshahara. Mwaka 2020, korona ilipoingia, Equity ilikuwa tayari imependekeza kulipa shilingi 2.50 kwa hisa. Bodi ikaliondoa pendekezo hilo na pesa ikabaki benki. Kwa benki ilikuwa busara. Kwa aliyekuwa amemwahidi mwenye duka la vifaa vya shule kwamba atalipa mwezi wa sita, ilikuwa balaa.

Kwa kuwa nimeitaja Equity, niseme neno, maana najua humu ndani inahesabiwa kuwa mtoto wa nyumbani. Ilianza mwaka 1984 Kangema, hapo Murang'a, ikiwa ni asasi ndogo ya kukopesha watu pesa za nyumba. Mwaka 1993 ilitajwa kuwa imefilisika kimahesabu. Ikawa benki kamili mwishoni mwa 2004, ikaingia soko la hisa Agosti 2006. Leo ina matawi Uganda, Rwanda, Tanzania, Sudan Kusini na Kongo. Kuna watu wa Kangema waliobaki na hisa zao tangu enzi za asasi, na kuna walioziuza kwa bei ya mbuzi. Hadithi hii husimuliwa sana kuonyesha subira inavyolipa. Mimi huisikia kwa sikio jingine. Mwaka 1993 zilikuwako asasi nyingine ndogo zilizofilisika zikazikwa, na waliosubiri ndani yake hawaalikwi kuhutubia mtu.

Sasa tufungue vitabu kidogo. Matokeo ya kampuni huchapishwa gazetini, nusu ukurasa au ukurasa mzima, maandishi madogo. Nitatumia Safaricom kwa kuwa kila mtu hapa ni mteja wake. Katika mwaka ulioishia Machi 2025, faida iliyobaki kwa wanahisa ilikuwa shilingi bilioni 69.8. Hisa zake zote ni bilioni 40 na kidogo. Gawanya: kila hisa ilizalisha shilingi 1.74. Kati ya hizo, kampuni ililipa gawio la shilingi 1.20 na kubakisha zilizosalia.

Tushike bei ya shilingi 20 kwa hisa, ambayo si ya leo wala ya kesho, ni ya kufanyia hesabu tu. Ukinunua hisa 1,000 umetoa 20,000. Dalali na ada za soko zitachukua karibu shilingi 2 kwa kila 100, na siku ya kuuza zitachukua tena. Gawio la mwaka ni 1,200. Serikali inakata asilimia 5, yaani 60, unabaki na 1,140. Hiyo ni chini ya shilingi 6 kwa kila 100 ulizoweka. Nyamaza kidogo hapo. Februari 2024 Benki Kuu iliuza hati fungani za miundombinu zilizolipa zaidi ya asilimia 18 kwa mwaka, bila kodi, kwa yeyote mwenye shilingi 100,000. Nani basi, mwenye akili zake, angechukua 6 akaacha 18?

Jibu ni kwamba mwenye hati fungani anajua atakacholipwa mpaka mwisho, na hakitaongezeka hata senti. Mwenye hisa ananunua miaka ijayo. Anasema, nakubali 6 leo kwa sababu naamini kampuni hii baada ya miaka kumi itakuwa inazalisha mara mbili. Hapo ndipo uchaguzi wenyewe ulipo. Kama huwezi kueleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini kampuni itazalisha zaidi, nenda kwenye hati fungani ulale usingizi. Kwa Safaricom, swali la miaka hii ni Ethiopia, walikofungua biashara Oktoba 2022 na ambako wamekuwa wakimwaga pesa nyingi. Anayeamini Ethiopia itakuwa Kenya ya pili ana sababu ya kununua. Asiyeamini ana sababu ya kungoja bei ishuke. Asiyejua kama Safaricom iko Ethiopia hana sababu yoyote.

Kwenye ukurasa huo huo wa gazeti, watu wengi husoma mstari wa faida wakafunga. Mimi huuruka kwanza. Hushuka chini kutafuta fedha taslimu zilizotokana na shughuli za kampuni. Faida ni maoni ya mhasibu. Mnajua wenyewe: ukiuza maziwa kwa mkopo kwa mwenye hoteli, kwenye daftari una mauzo, mfukoni huna kitu. Kampuni inayotangaza faida kubwa miaka mitatu mfululizo huku fedha taslimu zikipungua na mikopo ikipanda, mimi huiacha, hata jina liwe tamu vipi. Kisha hutafuta maneno ya mkaguzi wa hesabu. Akiandika kwamba kuna mashaka iwapo kampuni itaweza kuendelea na biashara, hayo ni maneno ya adabu ya kusema kimbieni.

Lakini mara nyingine gazeti huchelewa, na wa kwanza kujua ni watu kama nyinyi. Uchumi Supermarkets ilifungwa Juni 2006, ikafufuliwa, ikarudi sokoni 2011, na mwaka 2014 ikawaomba wanahisa waongeze pesa kwa shilingi 9 kwa hisa. Walioongeza walisoma kitabu chenye picha nzuri. Wanaopeleka mboga na maziwa kwenye supermarket husoma kitu kingine: nimelipwa lini mara ya mwisho? Rafu zinaanza kubaki wazi, mkate unakosekana jioni, bidhaa za kampuni moja zinatandazwa zijaze nafasi ya tatu. Juni 2015 bodi ilimfukuza mkurugenzi mkuu, na baada ya hapo ikawa ni kushuka tu. Ukiwa mteja au msambazaji wa kampuni, macho yako yana thamani kuliko ripoti iliyochapishwa kwa karatasi ya kung'aa.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Eveready, wenye betri. Hisa zake ziliuzwa kwa umma mwaka 2006 kwa shilingi 9.50, na watu waliziombea kwa kusukumana. Nani asiyewajua? Kila nyumba ilikuwa na mawe yao kwenye redio na tochi. Lakini mwaka 2006 simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia vijijini, nyingine zikiwa na tochi kichwani, stima ikipanda milimani, na mawe ya bei ya chini yakiingia kutoka nje. Kiwanda cha Nakuru kilifungwa 2014 na hisa ikaja kuuzwa chini ya shilingi 2. Mtu hakuhitaji digrii. Alihitaji tu kujiuliza ni lini mara ya mwisho alinunua mawe.

Niingie kwenye kidonda chenyewe, maana najua baadhi yenu mmekuja kwa sababu ya 2008. Safaricom iliuzwa kwa umma Machi na Aprili mwaka huo, nchi ikiwa bado inauguza majeraha ya uchaguzi. Hisa bilioni 10, shilingi 5 kila moja, kiwango cha chini hisa 2,000. Miaka miwili kabla, KenGen ilikuwa imeuzwa kwa 11.90 na ikaruka hadi kupita mara tatu ya bei hiyo ilipoingia sokoni, basi kila mtu aliamini Safaricom itafanya vivyo hivyo. Mabenki yakakopesha. Watu wakauza ng'ombe. Maombi yakawa mengi kupita kiasi, na mwombaji wa kawaida akapata karibu sehemu moja ya tano ya alichoomba. Aliyekopa laki moja alipata hisa za kama elfu ishirini, pesa iliyobaki ikarudishwa baadaye, na riba ya laki nzima ikawa imeshaanza kukimbia. Juni hisa ziliingia sokoni, zikapanda mwanzoni, kisha zikateremka. Mapema 2009 zilikuwa chini ya shilingi 3.

Wengi waliuza hapo wakaapa hawatarudi. Waliobaki walipokea, kwa mwaka ulioishia Machi 2025, gawio la shilingi 1.20 kwa hisa waliyoinunua 5, karibu robo ya bei yao kwa mwaka mmoja. Msikimbilie kusema basi waliouza walikuwa wajinga. Aliyenunua kwa mkopo hakuwa na ruhusa ya kungoja. Mkopo ndio uliouza hisa zake. Na yule aliyenunua zikiwa juu ya shilingi 40 mwaka 2021 aliziona zikishuka hadi chini ya 15 mwaka 2023, kampuni ikiwa ile ile, huduma ile ile. Kampuni nzuri kwa bei mbaya ni hisa mbaya.

Na bei ndogo si rahisi. Hili nalisema kila mahali na kila mahali kuna anayebisha. Hisa ya shilingi 1 haina urahisi wowote kuliko hisa ya shilingi 400. Mwaka 2024 hisa ya BAT, wenye sigara, ilikuwa ikiuzwa karibu na 400 na kulipa gawio la shilingi 50. Mumias Sugar iliuzwa kwa umma 2001 kwa shilingi 6.25. Iliposhuka hadi shilingi moja, watu wakanunua kwa magunia, wakisema haiwezi kushuka zaidi. Ilishuka chini ya senti 50, ikawekwa chini ya mrasimu mwaka 2019, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa. Nadhani imani hii ina mizizi kwetu. Wazee wetu waliijua hisa kwanza kupitia kampuni za kununua mashamba ya Wazungu, kama Ngwataniro, ambako hisa moja ilikuwa kipande cha ardhi kinachongoja kupimwa. Hisa ya namna hiyo ikiteleza, kipande hicho bado kiko pale. Hisa ya kampuni ya sukari haina kipande cha kukupimia.

Kuna njia nyingine ya kupoteza ambayo haionekani kwenye bei peke yake. Kenya Airways iliuzwa kwa umma 1996 kwa shilingi 11.25, na kwa miaka mingi ilikuwa fahari. Ikakopa kununua ndege, ikapata hasara ya zaidi ya bilioni 25 mwaka mmoja na nyingine kama hiyo mwaka uliofuata. Mwaka 2017 madeni yakageuzwa kuwa hisa: serikali ikachukua karibu nusu ya kampuni, mabenki asilimia 38. Mwanahisa mdogo hakuuza hata hisa moja, lakini kipande chake cha kampuni kikawa chembe. Hata shirika likirudi kupata faida, kama lilivyofanya 2024, keki ina wenyewe wapya mbele yake. Kwa hiyo ukiona kampuni yenye madeni mazito, uliza ni nani atakayeketi mezani siku deni likigeuzwa.

Kuhusu namna ya kununua sitakaa sana. Unafungua akaunti ya CDS, inayohifadhi hisa zako, kupitia dalali au benki, kwa kitambulisho na namba ya KRA. Tangu 2025 soko limeondoa sharti la kununua hisa zisizopungua 100, sasa unaweza kuanza na moja. Anayekupigia simu akikuahidi asilimia 10 kwa mwezi si dalali, ni mwizi mwenye adabu. Hakikisha jina la dalali liko kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Nayo leseni haimalizi kila kitu: mwaka 2007 na 2008 madalali wenye leseni walianguka, Francis Thuo kwanza, kisha Nyaga, na kuna wateja waliokuta hisa zao zimeuzwa bila wao kujua. Fidia ya soko ilikuwa na kikomo cha shilingi 50,000. Taarifa ya CDS ikija, isome. Linganisha idadi ya hisa zako na ya mara iliyopita.

Mwisho ni habari ya vyeti. Najua kuna nyumba hapa ambazo babu alinunua hisa, akaficha cheti ndani ya Biblia, akafariki bila kumwambia mtu. Gawio likakosa mwenyewe mwaka baada ya mwaka. Kampuni hairuhusiwi kulikalia. Baada ya muda linapelekwa UFAA, mamlaka ya mali za kifedha zisizodaiwa iliyoundwa kwa sheria ya 2011, na hisa zenyewe zinaweza kufuata. Mali hiyo haijapotea. Watoto wanaweza kuidai wakiwa na cheti cha kifo na barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Shida huwa ni hiyo mirathi, kwa sababu ndugu wakishakosana juu ya shamba hakuna anayetaka kusikia habari ya hisa 400. Kwa hiyo mwenye hisa akifika nyumbani aandike kwenye karatasi moja jina la kampuni, namba ya CDS na jina la dalali, na mtu wa pili ajue karatasi iko wapi.

Naona kuna mkono ulioinuliwa pale nyuma tangu nilipotaja Kenya Power, na sasa naamini umeanza kuchoka. Tuanze na huyo.